Kusimulia Maisha ya Watu: Je, ni Kusengenya au ni Ushahidi?

Ndugu mmoja katika wasomaji wetu walioko Mombasa ametuletea suali, nalo ni hili: Je, yafaa jarida dogo la darsa kama hili letu kuandika maisha ya watu, wakubwa kwa wadogo, mema yao na mabaya yao, na hali sisi Waislamu tumekatazwa kusengenyana? Asema kwamba aliona tumeanza kuandika khabari za watu wa mji wa Eldoret, na kwamba jamaa wa baraza yake wamechukizwa, wakasema haya ni mambo ya magazeti wala si mambo ya wanavyuoni.

Nimekaa na suali hili miezi mitatu. Sikuchelewa kwa ugumu wa vitabu, kwani vitabuni jawabu limo. Nimechelewa kwa kuwa jambo lenyewe limenigusa mimi mwenyewe, na kwa sababu hiyo sikuweza kulijibu kama mtu anayejibu jambo la watu wengine.

Nyinyi mlioko Mombasa, Lamu na Malindi mwaijua Eldoret kwa mahindi, na ngano, na wakimbiaji wa mbio. Mimi nimezaliwa pwani, nikasoma pwani, nikaja huku mwaka 2005 kusomesha chuo. Nilidhani baridi yake itanirudisha kabla ya mwaka kwisha. Mungu hakutaka. Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi hukaa mkeka mmoja Mnubi ambaye wazee wake waliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudani, na Msomali mwenye malori, na Mluhya wa Mumias, na Mswahili wa Kisiwani Mombasa ambaye babake alikuwa karani wa reli, na Mnandi muuza maziwa, na Mkikuyu fundi cherehani. Watu hawa wamesali safu moja miaka na miaka, na kila mmoja ana maisha ambayo mwenziwe hayajui. Vijana wawili wa darsa ndio waliotoa shauri: Kwa nini tusiwaulize, tukayaandika? Mzee wetu mmoja akapinga palepale. Alisema kwamba maiti hafukuliwi, na kidonda kilichofunga hakikunwi.

Maneno ya mzee huyu si ya kupuuzwa. Katika dini yetu, kusengenya si kumzulia mtu uongo, kwani huo una jina lake jingine. Kusengenya ni kumtaja nduguyo kwa jambo analolichukia, na jambo lenyewe likawa ni kweli. Kwa hivyo yule asemaye, "Mimi sikusema ila kweli," hajajitetea, amekiri. Katika Sura Al-Hujurat tendo hili limefananishwa na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Basi mwenye kushika kalamu na kuandika maisha ya mtu wa kweli amekaa karibu na sinia hiyo, na yampasa aangalie mkono wake.

Mimi niliuangalia sana, hata nikaanguka upande wa pili. Sikilizeni.

Katika mji huu alifariki mfanya biashara mmoja, mtu mzima, mwenye heshima. Sitamtaja. Nikaombwa na watoto wake niandike tarjama yake, yaani maelezo ya maisha yake, katika jarida hili. Nikaandika kurasa mbili. Nikaeleza alivyoanza na duka la matandiko, alivyosomesha mayatima, na alivyojenga nyumba ya Mungu kwa mali yake. Yote hayo alikuwa ameyafanya. Watoto wakafurahi, wakanunua nakala nyingi, wakazigawa hitimani.

Baada ya siku kumi alinijia dada yake, mama wa makamo ambaye kila alfajiri hukaanga maandazi ya kuuza apate kulisha wajukuu. Akakaa, akaniamkia kwa adabu, akasema: "Sheikh, nimesomewa khabari za ndugu yangu. Umeziandika vizuri. Umesema alijenga msikiti kwa mali yake. Nimekuja kukuuliza, mali yake ipi?"

Sikuwa na jawabu, na ubaya wa jambo hili ni kwamba nililijua. Miaka miwili kabla ya hapo mama huyu alinijia na shauri la mirathi ya baba yao. Nyumba na kiwanja vilichukuliwa vyote na ndugu, vikaandikwa kwa jina lake peke yake, na dada hakupata hata ile sehemu yake ambayo Mwenyezi Mungu ameigawa mwenyewe wala hakumwachia mtu yeyote kuigawa. Mimi nilimwambia asubiri, kwa kuwa ndugu ni mtu mkubwa na mambo ya jamaa yataka upole. Kisha nikaja nikamwandikia ndugu kurasa mbili za sifa. Kwa ulimi nilimnyamazisha mama, na kwa kalamu nikamzika akiwa hai.

Nilipokuwa nikiandika nilijiambia kuwa tumeamrishwa kutaja mema ya maiti wetu. Lakini hadithi hiyo wanavyuoni wamesema katika isnadi yake kuna udhaifu, na hata tukiichukua, haisemi mema hayo yatajwe kwa mali ya mtu mwingine. Iliyothibiti ni kukatazwa kuwatukana maiti, na kueleza deni si kutukana. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipoletewa jeneza aliuliza mbele ya watu iwapo maiti ana deni, na palipopatikana deni lisilokuwa na malipo aliacha kumsalia, mpaka Abu Qatada alipojitwika zile dinari mbili. Je, hiyo ilikuwa ni kumfedhehesha maiti? Bali ilikuwa ni kumwokoa. Mimi nilimsalia mtu kwa wino, wala sikuuliza.

Hapa ndipo nilipokuja kufahamu, tena nikiwa mtu mzima, jambo ambalo nilikuwa nikilisomesha watoto. Sitara tuliyoamrishwa ni kwa kosa lililo baina ya mja na Mola wake. Mtu akiteleza usiku nyumbani kwake, mfunike, nawe utafunikwa. Ama kosa ambalo ndani yake mna haki ya mja mwingine, ukilifunika humsitiri mkosa; wamvua nguo aliyedhulumiwa. Ndiyo maana katika Sura An-Nisaa, baada ya kukatazwa kutangaza maovu, ametolewa mtu mmoja tu katika makatazo hayo, naye ni aliyedhulumiwa. Na Imamu Nawawi, alipoyahisabu mambo sita ambayo kwayo inajuzu kumtaja mtu kwa asilolipenda, alianza na huyu mwenye kushitaki dhulma. Hind binti Utba alimshitaki mumewe Abu Sufyan kuwa ni bakhili hampi cha kumtosha, na hakukemewa; alifundishwa njia ya kupata haki yake. Fatima binti Qays alitaka shauri kuhusu wanaume wawili waliomposa, akaambiwa wazi kuwa mmoja hana mali na mwingine fimbo yake haishuki begani. Na Khawla binti Thaalaba alipokuja kulalamika juu ya mumewe, Sura nzima ya Qur'ani ikaanza kwa khabari kwamba maneno yake yamesikiwa. Nastaajabu jinsi tunavyoisoma Sura ile kwa makhraji mazuri, kisha mwanamke wa mtaani kwetu akija na maneno kama yale twamwambia asubiri.

Na wanavyuoni wa hadithi ndio walioandika maisha ya watu kuliko umma wowote. Maelfu ya watu, wauza mafuta, wafinyanzi, makadhi, watumwa walioachwa huru, wameandikwa: huyu mkweli, huyu husahau, huyu muongo. Ali bin al-Madini alipoulizwa juu ya baba yake mzazi alisema ni dhaifu katika riwaya, kwa sababu hiyo ni dini. Lau wangalikuwa na desturi yetu ya kuandika sifa tupu za hitima, leo tusingalijua iliyo sahihi na iliyozuliwa.

Sisi watu wa pwani, tukisema kweli, tumezoea maisha ya aina moja. Twapenda khabari za mashekhe wenye karama na za matajiri wenye meli. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu humwita Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa kwake Unguja mwaka 1905, na masimulizi hayo yakapigwa chapa Ujerumani. Ni Kiswahili kizuri sana, nami nimewasomesha vijana kurasa zake. Mna safari, na vita, na pembe za ndovu kwa frasila. Lakini waliobebeshwa pembe zile na waliotekwa katika vita vile wapita mle kama vumbi la msafara, hawana majina. Mtu akisoma kitabu kile peke yake hakusoma uongo, ila amesoma tarjama kama ile niliyoiandika mimi.

Mwaka 1936 kilitolewa Uingereza kitabu cha maisha ya Waafrika kumi, mhariri wake Margery Perham. Mle yumo Martin Kayamba, Mbondei aliyekuwa karani mkubwa wa serikali Tanganyika na akafika London mwaka 1931, na pamoja naye yumo Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa akiwa mtoto, akaletwa Unguja utumwani. Rashid anasema mwenyewe. Bwana na mtumwa walitembea katika Unguja moja na katika zama zilizokaribiana, na mpaka umesoma maisha ya wote wawili hujaijua Unguja ile. Kadhalika kwetu Mombasa, Sarah Mirza na Margaret Strobel waliandika maisha ya akina mama watatu kama walivyoyasimulia kwa vinywa vyao, yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Bi Kaje wa Mwenye Matano ni wa ukoo wa Thenashara Taifa. Bi Mishi wa Abdala ni wa ukoo wa watumwa. Wote wawili waongea juu ya harusi na ngoma za mji mmoja. Najua baraza ambazo mpaka leo jina la Bi Kaje litatajwa kwa raha na la Bi Mishi litatajwa kwa sauti ya chini. Kwa nini? Aliyetenda dhulma ya utumwa si yeye.

Sasa turudi Eldoret, kwani huku jambo ni zito zaidi kuliko nyumba ya mirathi.

Mwajua yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Disemba 2007. Tarehe 1 Januari 2008, hapa Kiambaa, nje kidogo ya mji, kanisa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Uwanja wa maonyesho ukajaa mahema. Tume ya Jaji Waki ilihisabu waliouawa nchi nzima kuwa ni 1,133. Baadaye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi wa kila kabila na kila dini, ikakabidhi ripoti yake kwa Rais tarehe 21 Mei 2013. Ni kazi kubwa, na waliokwenda kueleza walifanya ushujaa. Lakini taarifa iko katika mabuku, na jirani yuko ukutani. Fundi cherehani wetu na muuza maziwa wetu walikuwa wakisalimiana kila siku miaka yote hiyo, na hapana hata mmoja aliyewahi kumwuliza mwenziwe: Wewe ulikuwa wapi?

Usiku mmoja katika darsa tuliwaomba waeleze maisha yao. Fundi alianza na mwaka 2008, kwa moshi. Alikuwa kijana, na nyumba ya wazee wake katika mashamba ya nje ya mji ilichomwa mchana kweupe. Babu yake alikuwa amechanga fedha na wenziwe baada ya uhuru wa 1963 kununua shamba la mlowezi aliyekuwa akiondoka. Karatasi za malipo, asema, ziliungua pamoja na kabati.

Muuza maziwa alianza na mwaka 1905, kwa damu. Tarehe 19 Oktoba ya mwaka ule Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alikwenda kuonana na Meinertzhagen kwa maneno ya amani, akapigwa risasi. Miaka mitatu baadaye, 1908, Makaburu wa van Rensburg walishuka bandarini Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi Nakuru, na kutoka hapo wakaja na mikokoteni ya ng'ombe mpaka uwanda huu wa Uasin Gishu. Nchi ikakatwa mashamba, mashamba yakapewa namba. Mji huu wenyewe ulikuwa shamba namba 64, na wazee wa huku bado huuita Sisibo kwa sababu ya namba hiyo ya Kizungu. Akauliza: ardhi aliyoinunua babu yako, aliyekuuzia aliipata wapi?

Tazameni, ndugu zangu. Hapana aliyesema uongo. Mmoja amefungua kitabu ukurasa wa kati, mwingine amefungua ukurasa wa mwanzo, na kila mmoja amekuwa ndiye mdhulumiwa kwa pale alipofungua. Mahali mtu anapoanzia khabari yake ndipo anapochagua hukumu. Mkeka mzima ukawa kimya. Mimi nikasema la kusema kama mwalimu: kila mtu atenge aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyapokea, na ya kupokea ayataje ni kutoka kwa nani, na hapana nafsi itwikwayo mzigo wa nafsi nyingine, kwa hivyo Meinertzhagen asilipwe kupitia paa la fundi cherehani, wala waliochoma paa lile wasilipwe kupitia kwa kila Mnandi auzaye maziwa.

Nilidhani nimemaliza. Muuza maziwa akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa macho yake aliona jambo moja. Mwaka 2008 alikuwa na miaka 16, akasimama barabarani na vijana wengine, mkononi ana jiwe, mashamba yale yakiungua. Hakuingia mashambani. Wala hakuondoka.

Hakulazimishwa na mtu. Nilimkumbuka Kaab bin Malik, aliyebaki nyuma katika safari ya Tabuk bila ya udhuru, akaja akasema kweli mbele ya Mtume wakati wengine wakizua udhuru, akakatwa na watu siku hamsini, kisha akaishi akiisimulia khabari hiyo ya aibu yake kuwa ndiyo neema kubwa aliyopewa baada ya Uislamu. Lakini Kaab alikuwa na deni kwa Mungu na Mtume wake. Huyu wetu ana deni kwa mtu aliyekaa naye goti kwa goti. Je, yampasa aliyosimama nao awataje? Hapa nilisita, na ningali nasita. Kama anamjua aliyetia moto, huo ni ushahidi, na kuuficha ushahidi ni dhambi ya moyo. Na pia najua ni nini chaweza kutokea kwa mtu ataje majina katika mji ambao wenye majina hayo wamo. Sikumwuliza usiku ule. Sidai kwamba nilipatia.

Nilipotaka kuyaandika haya, fundi ndiye aliyeniwekea mpaka. Alisema niandike kiasi hiki, bila ya majina, kwa kuwa watoto wao wanasoma chuo kimoja. Haya machache nimeyatoa kwa idhini ya wote wawili, na yaliyobaki ni mali ya fundi. Akitaka siku moja kuyasema yote atayasema, na jarida hili litampa nafasi. Aliyedhulumiwa ana haki ya kusema, na katika haki hiyo mna haki ya kunyamaza. Sisi hatuna haki ya kumchagulia moja katika hayo mawili, na mimi zaidi ya wote, niliyemchagulia yule mama.

Kwa hivyo jawabu la ndugu yetu wa Mombasa ni kwamba yafaa, kwa masharti haya: mwenye maisha ayaseme mwenyewe akiwa hai, kosa la siri lisilomdhuru mwingine lifunikwe, haki ya mtu isifunikwe hata kwa jina la maiti mkubwa, na mwandishi asipokee zawadi ya watu wa hitima. Ama jamaa wa baraza waliochukizwa, nawaomba wanieleze ni khabari gani iliyowachukiza, ile yenye uongo au ile yenye mtu wanayemjua.

Ule mgogoro wa nyumba uko kwa Kadhi hivi sasa, wala sitasema neno juu yake. Ila nilikwenda nyumbani kwa yule mama, nikamwomba radhi, nikamwomba anisimulie maisha yake niyaandike badala ya kurasa zangu mbili. Alisimulia siku tatu, akiwa anakanda unga. Nilipomaliza nilimsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema umesahau jambo. Nikadhani ni dhulma nyingine ya ndugu yake. Akasema: "Mwaka wa mvua nyingi, mto Sosiani ulipofurika, mimi nilikuwa mdogo na nina homa. Alinibeba mgongoni akanivusha, maji yakimfika kifuani. Kwako hukuliandika hilo. Liandike."